Mangungo tunamjua sote. Mkataba wake tumeusoma wangapi?

Tangu mitaala mipya ianze kutumika mwaka 2024 na somo la Historia ya Tanzania na Maadili lipate kiti chake darasani, ugomvi juu yake umekuwa wa makundi matatu. Wapo wanaolalamikia lugha: kwa nini somo hili lifundishwe kwa Kiswahili sekondari wakati Fizikia na Jiografia zimebaki kwa Kiingereza. Wapo wanaohesabu majina: nani kaandikiwa ukurasa mzima, nani kapewa mstari mmoja, nani kasahaulika kabisa. Na wapo wasioipenda ndoa ya historia na maadili, wakiona ni siasa ileile ya zamani iliyoshonewa sare mpya. Nimewasikiliza wote, redioni na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, na naona wote wanagombania kitu kimoja, nacho ni kitabu. Kiwe kwa lugha gani, kimtaje nani, kihubiri nini. Sijasikia anayeuliza kama mtoto ataona kitu kingine chochote zaidi ya hicho kitabu.

Nadhani hapo ndipo tulipopotea njia. Somo hili litapona au litakufa kwa jambo moja: kama mwanafunzi atawekewa mezani vitu vyenyewe vilivyobaki kutoka zama zile, yaani mkataba, barua, gazeti la siku ile, picha, hukumu ya mahakama, maneno ya aliyeshuhudia, aambiwe avisome na kuvibishia. Wanahistoria huviita vyanzo vya awali. Na ule uamuzi wa Kiswahili, ambao wengine wameupokea kama zawadi ya kisiasa na wengine kama adhabu kwa watoto wao, ndio hasa uliotufungulia mlango. Kwa mara ya kwanza tuna somo la historia la sekondari ambalo lugha yake ni lugha iliyoandikiwa sehemu kubwa ya kumbukumbu zetu. Tumepewa ufunguo, nasi tumekaa kubishana kuhusu rangi ya kitasa.

Kidogo kuhusu tulikotoka. Mwishoni mwa 2020 Rais John Magufuli aliagiza historia ya nchi ifundishwe kama somo la lazima, akilalamika kwamba vijana wanamaliza shule bila kujua walikotoka. Agizo lilipita mikono mingi, likaja kutulia ndani ya mabadiliko makubwa ya sera ya elimu na mitaala, na jina likaongezewa Maadili. Kabla ya hapo mtoto wa msingi alikuwa akiipata historia ndani ya Maarifa ya Jamii, kisha akifika sekondari anaipata kwa Kiingereza, ikiwa imechanganywa na ya Afrika na ya dunia. Mtihani ndio ulioamua somo liwe na sura gani. Aliyepita kidato cha nne anaijua ile sura: panga matukio kwa kufuata wakati yalivyotokea, oanisha fungu A na fungu B, kisha insha. Na insha ina hesabu yake, hoja sita. Sababu sita za kushindwa Maji Maji, athari sita za utawala wa kikoloni, mbinu sita alizotumia mkoloni kupata vibarua. Ukiandika tano, hata ziwe nzuri kiasi gani, umejipunja mwenyewe.

Mimi ni zao la hoja sita na sina aibu nazo, zilinivusha. Mangungo wa Msovero nilimpata ubaoni, kwa chaki, kipindi cha mchana baada ya uji: chifu aliyedanganywa na Karl Peters akasaini mkataba wa uongo. Nikanakili, nikakariri, nikajibu, nikapewa vema. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kuukuta mkataba wenyewe, na nilichoshangaa kwanza ni ufupi wake. Haufiki hata kurasa mbili. Vipindi vyote vile tuliandika habari za karatasi ambayo ingesomwa yote kabla mwalimu hajamaliza kuita majina.

Twende nayo taratibu, maana ni mfano mzuri kuliko wowote nitakaoutoa. Imeandikwa Msovero, Usagara, sehemu ambayo leo ni upande wa Kilosa mkoani Morogoro, tarehe 29 Novemba 1884. Inaanza kwa kutangaza urafiki wa milele. Halafu Mangungo, anayeitwa humo Sultani, anaitoa nchi yake yote ya Msovero na haki zake zote, daima dawamu, kwa Dk. Karl Peters, mwakilishi wa chama cha Wajerumani waliotaka makoloni. Peters naye anaahidi nini? Kwamba watakapoifanya Usagara koloni, Msovero itatazamwa kwa namna ya pekee. Basi. Inaelezwa kwamba mfasiri, Ramazan, alimfafanulia Sultani maneno yote waziwazi. Chini, Peters ametia saini na Mangungo ameweka alama.

Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba Mangungo alidanganywa angeweza kuishia hapo, akasema nilijua. Lakini mna vipande viwili humo ndani ambavyo vinaharibu utulivu. Cha kwanza: Peters anapokea nchi bila kugusa haki za ukubwa alizokuwa nazo Mwenyi Sagara. Yaani karatasi hiyohiyo inayosema Mangungo ndiye mwenye nchi inakiri kwamba yupo mwingine juu yake. Cha pili ni kigeni zaidi: Sultani, alipoulizwa ana kwa ana, alijibu kwamba hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na kwamba hata hajui kama kuna mtu wa namna hiyo. Weka kalamu chini, ufikirie. Huyu ni mtu anayeishi upande wa Usagara mwaka 1884, njia za misafara ya pwani zikipita katika nchi hiyo mwaka hadi mwaka, vitambaa na bunduki vikipanda, pembe za ndovu zikishuka. Anasema hajapata kusikia habari za Sayyid Barghash, Sultani huyo wa Zanzibar? Na kama kweli alisema, nani alimuuliza, na kwa nini jibu hilo lilistahili kuandikwa ndani ya mkataba wa urafiki?

Jibu haliko Msovero, liko Berlin na Unguja. Peters alihitaji karatasi itakayomwonyesha mkubwa wake kwamba nchi ile haina bwana mwingine. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Kaizari akatoa hati ya ulinzi kwa nchi zilizotajwa kwenye mikataba ya Peters. Yule mwanafunzi wa kupanga matukio kwa wakati sasa anaona kwa nini mpangilio una maana. Kisha mwalimu anatoa karatasi ya pili: telegramu ya Sayyid Barghash ya Aprili 1885, akilalamika kwa Wajerumani kwamba nchi hizo ni zake, ana askari wake huko, na machifu waliozitoa hawana mamlaka ya kutoa kitu. Karatasi mbili, kila moja inadai kinyume cha mwenzake, na kila mwandishi ana lake analolitafuta. Darasa litagawanyika, wengine kwa Peters hawatakwenda lakini kwa Barghash watakwenda mbio, mpaka atokee mmoja nyuma aulize: mwalimu, na watu wa Msovero walisema nani ni mkubwa wao? Hapo kimya. Hakuna karatasi kati ya hizo mbili iliyowauliza. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri la Barghash, naye akasalimu amri. Suala la nani mwenye nchi likaamuliwa na mizinga.

Kazi hiyo yote inamalizika kwa vipindi viwili vya dakika arobaini. Na tazama kilichotokea kwa ile sentensi ya "Mangungo alidanganywa". Haikufutwa. Imekuwa ngumu zaidi, na ya kweli zaidi. Huenda alidanganywa, huenda alijua anachofanya, akidhani amepata rafiki mwenye bunduki dhidi ya wakubwa wake, huenda Ramazan alimwambia jambo jingine kabisa, huenda hata hakusema aliyoandikiwa. Hakuna mwanafunzi anayeweza kujibu kwa uhakika, wala profesa. Anachoweza ni kusema lipi lina uzito na kwa nini. Hiyo ndiyo kazi ya historia. Tulichofanya sisi ni kunakili hitimisho la kazi iliyofanywa na mtu mwingine.

Kuna atakayesema mkataba huo ni wa Kijerumani, unakipaje nguvu Kiswahili? Ni kweli lazima utafsiriwe. Lakini ondoka kwa Peters, nenda miaka minne mbele. Wapwani walipopigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, mshairi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia vita hiyo utenzi, kwa Kiswahili, akiwa mtu wa zama hizohizo. Vita vya Maji Maji vina utenzi wake, wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Shule ya serikali ya Tanga ilikuwa ikitoa gazeti la Kiongozi enzi za Mjerumani, na mwaka 1923 idara ya elimu ya serikali ya Mwingereza ikaanzisha Mambo Leo, ambamo Watanganyika waliandika mashairi na barua zao. Mwaka 1937 Erica Fiah akaanzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Hiki si Kiswahili cha tafsiri. Ni watu wa wakati ule wakizungumza, kila mmoja na jicho lake. Kwa miaka mingi tuliwafundisha watoto habari za watu hawa kwa Kiingereza, kana kwamba hawakuwa na midomo.

Chukua utenzi wa Abdul Karim. Usimuulize mwanafunzi vina na mizani. Hayo yana mwalimu wake. Muulize: huyu mtu wa Lindi anawaitaje waliopigana? Anawaitaje Wajerumani? Alikuwa akimwandikia nani, na nani angeweza kumfikia akiandika asiyoyapenda? Kisha mpe ripoti ya serikali ya Gavana von Götzen, halafu masimulizi ya wazee wa Umatumbi, mahali ambapo Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba. Utapata vita vitatu, na vyote vinaitwa Maji Maji. Hata idadi ya waliokufa itambana: Wajerumani walitaja watu 75,000, wanahistoria waliofuata wamefikia 250,000 na zaidi, kwa sababu wamehesabu njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala. Tofauti hiyo si kosa la hesabu. Ni jibu la swali la nani anahesabiwa kuwa ameuawa na vita.

Sasa wapinzani, na nianze na wanaosema kweli. Mwalimu wa historia wa shule ya kata ana darasa ambalo walio nyuma hawaoni ubao. Ana vipindi vingi, ana mada za kumaliza kabla ya mtihani, na kopi anatoa kwa hela yake au anachangisha, kisha anaitwa ofisini kuulizwa kwa nini amechangisha. Ukimwambia akatafute nyaraka atakucheka, na ana haki. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inahifadhi hazina ya ajabu. Nyaraka zake za enzi ya Mjerumani ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na maandiko ya Kiarabu yaliyohifadhiwa Zanzibar yakafuata 2003. Lakini mwalimu wa Tunduru hafiki Upanga kwa nauli yake. Akifika, nyingi ya zile za Kijerumani zimeandikwa kwa mkono wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Anayepuuza haya hajawahi kushika chaki.

Ila tazama hoja hiyo inadai nini. Inadai mwalimu asiachwe peke yake. Haidai mwanafunzi asione nyaraka. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo inayotunga vitabu hivi, inaweza kuchagua nyaraka thelathini, kuzitafsiri zinazohitaji kutafsiriwa, kuzichapa pembeni ya picha ya karatasi halisi, na kuziweka nyuma ya kitabu kilekile ambacho tayari kinachapwa na kusafirishwa. Kurasa arobaini. Darasa kubwa nalo, kwa mkataba wa Msovero, si kikwazo kama linavyodhaniwa. Watoto mia wanaweza kusikiliza karatasi moja ikisomwa kwa sauti. Kinachowashinda ni kukariri hoja sita kimyakimya kila mmoja na desa lake.

Hoja ya pili ina heshima yake pia, nayo hutoka kwa wasomi: karatasi nyingi ni za mkoloni, na kumsomesha mtoto maandishi ya mkoloni ni kumrudisha mkoloni darasani. Von Götzen hakuandika ili amtendee haki Kinjikitile, mganga aliyewapa wapiganaji wa Maji Maji maji ya dawa. Nakubali. Lakini von Götzen yumo darasani tayari. Yumo ndani ya kitabu, ametafunwa, amemezwa, jina lake limefutwa na habari zake zimebaki. Tarehe, majina ya vituo, idadi ya askari, vyote vimetoka katika mafaili yake. Nani hatari zaidi, shahidi anayesimama kizimbani ukamwona uso, au anayenong'ona nyuma ya pazia? Nampendelea yule wa kizimbani. Kuna upungufu mwingine ambao siwezi kuukwepa, nao ni kwamba karatasi zinawapendelea walioandika: Wajerumani, wamisionari, Waswahili wa pwani, makarani. Mwanamke wa Ungoni aliyezika watoto kwa njaa mwaka 1906 hakuacha barua. Ndiyo maana kumbukumbu za mdomo lazima zikae meza moja na karatasi, na ziulizwe maswali yaleyale bila kuonewa haya kwa kuwa msemaji ni mzee.

Hilo nalo tumewahi kulifanya. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji kwa wazee waliokuwa bado hai, katika mradi wa wanahistoria kama John Iliffe na Gilbert Gwassa. Mengi tunayoyajua leo juu ya Kinjikitile na maji yake, kwa jicho la waliokunywa, yametoka huko. Walikuwa vijana, na nchi ilikuwa maskini kuliko sasa. Wazee wale wameshakwenda wote. Waliopo ni wengine, waliohamishwa na Operesheni Vijiji baada ya Novemba 1973, waliovuka kwenda Uganda mwaka 1979, waliopanga foleni ya sukari na kula ugali wa Yanga, yaani wa mahindi ya njano, wakaambiwa wafunge mkanda miezi kumi na minane. Babu aliyebomolewa nyumba na babu aliyekuwa balozi wa nyumba kumi akisimamia ubomoaji wanaweza kuwa wanaishi mtaa mmoja. Mwanafunzi wa kidato cha pili akienda kwa wote wawili na maswali yaleyale matano, atarudi na Ujamaa ambao hautaingia kwenye hoja sita.

Nimeiacha kwa makusudi hoja dhaifu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba somo hili limewekwa lijenge uzalendo, na mtoto akifundishwa kuhoji nyaraka ataishia kuhoji taifa. Kwamba kwanza apende, kuuliza kutakuja baadaye, akiwa chuo kikuu. Wanaosema hivi wanajificha nyuma ya lile neno Maadili. Nitawajibu kwa nyaraka. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kutokana na makala iliyotoka katika Sauti ya TANU, kuhusu maofisa wawili wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Alikutwa na hatia, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ikalipwa. Je, hilo tulifundishe kama uzalendo au kama utovu wa adabu kwa mamlaka? Mtu hawezi kumtundika Mwalimu ukutani kila darasa, kisha akamkataza mtoto aliyeketi chini ya picha hiyo kufanya kitu kilichompandisha Mwalimu kizimbani. Tena uzalendo wa kukariri tumeujaribu kwa muda mrefu. Agizo la 2020 lilitolewa kwa malalamiko kwamba haukushika.

Zipo sehemu ambazo woga una msingi, na nisingependa mwalimu wa miaka ishirini na sita, mwenye mkopo benki, atangulizwe mbele kama ngao. Muungano ni mojawapo. Mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba likiwa Dodoma, swali la kama Hati ya Muungano ipo au haipo lilichukua nafasi kubwa kiasi kwamba serikali ikaitoa hadharani watu waione. Watu wazima, wengine wana shahada tatu, walikuwa wakibishana juu ya kuwepo kwa karatasi. Lakini tazama jinsi somo lenyewe lilivyo jepesi ukiwa na nyaraka mkononi. Hati iliyosainiwa na Nyerere na Karume tarehe 22 Aprili 1964 ina mambo ya Muungano kumi na moja. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, kama ilivyo leo, ina ishirini na mawili. Weka orodha hizo mbili pembeni kwa pembeni, waambie wanafunzi watie alama yaliyoongezeka. Watakuta mafuta na gesi asilia, watakuta Mahakama ya Rufani, watakuta pia Baraza la Mitihani, lilelile litakalowatungia mtihani. Mwalimu hajasema neno lolote la siasa. Amesoma Katiba. Anayeona Muungano unapendeza atakuwa na hoja zenye miguu, na anayeona una kasoro vilevile. Kinachohitajika ni nyaraka hizo ziwe zimeletwa na mamlaka yenyewe, zina muhuri, ili mwalimu akiulizwa aseme: ni kitabu cha serikali, ukurasa wa mia na kumi.

Mtihani ndio nilioubakiza mwisho, kwa kuwa bila mtihani hayo yote ni soga. Kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa, na hakuna semina ya walimu itakayobadili hilo. Uingereza, mwanafunzi wa umri wa kidato cha nne anakuta kwenye karatasi ya mtihani wa historia vipande vya nyaraka au picha, anaulizwa vina manufaa gani kwa anayechunguza jambo fulani na mipaka yake iko wapi. Hakuna siri ya kizungu hapo. Ni aya ya mistari minane na maswali matatu. Baraza la Mitihani likiweka swali moja la namna hiyo, moja tu, mahali pa insha mojawapo, mwaka unaofuata kila shule nchini itakuwa inatafuta nyaraka, na stesheneri za nje ya mageti ya shule zitakuwa zinauza kopi za mkataba wa Msovero kama zinavyouza madesa. Kutakuwa na majibu ya kukariri hata ya swali hilo, najua. Walimu wa tuisheni hawalali. Lakini hata anayekariri atakuwa ameisoma ile sentensi ya Mwenyi Sagara.

Wanaodhani haya ni mambo ya darasani tu wakumbuke Juni 2023, Bunge lilipoidhinisha makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai. Jina la Mangungo lilirudi midomoni mwa watu kwa wiki kadhaa. Upande mmoja ukawaita wenzao akina Mangungo, upande wa pili ukajibu kwamba wapingaji hawaelewi mikataba. Makubaliano yenyewe yalikuwa yakizunguka kwenye simu, kwa Kiingereza, yana vifungu na viambatisho. Niliwauliza watu niliokuwa nakaa nao kijiweni, waliokuwa wakiyatetea na waliokuwa wakiyalaani, nani ameyafungua. Wawili. Mmoja alikuwa amefika kifungu cha nne. Tulikuwa kizazi kizima kilichofundishwa kwamba mkataba ni kitu ambacho mtu mwingine alishakisoma, nawe unapewa jibu.

Foleni ya mambo ya namna hiyo ni ndefu. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani enzi za ukoloni, na mabaki ya wazee wetu yaliyochukuliwa bado yanatafutwa. Watakaoyatafuta watahitaji kusoma daftari za makumbusho na barua za maofisa wa 1906, waone wapi mwandishi amesema kweli na wapi amefunika. Tulishapata fundisho la jambo hilo. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kwenda Bremen na kulichagua kati ya mafuvu mengi kwa kupima. Leo liko Kalenga, ndani ya kioo, na kila mwaka mabasi ya shule yanashusha watoto pale. Wanapanga mstari, wanaangalia, wanapiga picha, wanarudi kwenye basi. Mwalimu mmoja akiwa na nakala ya kile kifungu mfukoni, akakisoma palepale mbele ya kioo, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Sasa Twining alijuaje kwamba ni lenyewe?"